Aliyekuja Kumwona Wajina Wake

Mimi si mtu wa kuona vitu. Shika hilo kwanza. Ni fundi wa nguo, nina kibanda na cherehani mbili Embu mjini, na kazi yangu ni kupima mara mbili kabla ya kukata. Nilikulia karibu na Muthara, huko Tigania, kwa wazazi waliookoka. Ukitaja mizimu mezani kwetu, unaambiwa uchukue sahani yako ukamalizie jikoni. Kwa hivyo haya ninayokusimulia sikuyatafuta. Yalinijia mchana, saa tano na dakika kadhaa, nikiwa macho, nimeketi kwenye kiti ambacho bado kipo. Ukitaka kuniita mwongo, ngoja nimalize.

Kuna jambo la majina ambalo lazima nikueleze, maana bila hilo hutaelewa kitu. Huku kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Kwa Waembu, ambako ndiko nilikoolewa, msichana wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake. Wa pili ndiye huchukua jina la mama wa mama yake. Halafu watu hawasemi kwamba mtoto ameitwa kama nyanya yake. Wanasema yeye ndiye nyanya yake. Baba akirudi kazini huuliza, "Mama amelala?" na anamaanisha kitoto cha miezi miwili kilicho ndani ya blanketi. Mtu akishapata wajina hawezi kuisha, hata akifa. Lile jina la kanisani tunaliongeza juu, la kuandika shuleni. Jina lenyewe ni lile lingine.

Mume wangu anaitwa Ireri. Anauza vifaa vya ujenzi katika duka la mtu, na tunaishi mtaa wa Dallas, hapo hapo Embu mjini. Nilipojifungua binti yetu wa kwanza, hapakuwa na swali. Tulimwita Purity Wanja, kwa sababu Wanja ni jina la mama mkwe wangu.

Nataka nikuambie ukweli kuhusu mama mkwe huyo, hata kama baadaye utamchukia. Alikuwa mwema kwangu. Alikuja hospitalini na uji wa wimbi ndani ya chupa ya chai, akamchukua mtoto, akasema, "Wajina wangu, umekuja kweli?" Machozi yakamtiririka mpaka yakalowesha leso. Ireri alikuwa mtoto wake wa pekee. Baba mkwe alifariki zamani, kabla sijaijua familia hiyo. Mama alimsomesha Ireri kwa mikono yake, kwa kuchuma chai, kwenye baridi, miaka yote. Nilimpenda. Sioni haya kusema hivyo.

Tulipotoka hospitalini, tulikubaliana nikae kwake hadi nipate nguvu, naye Ireri abaki mjini kwa sababu ya kazi. Nyumba ya mama iko juu ya Runyenjes, mahali ambapo mashamba ya chai yanakaribia kukutana na msitu. Mwezi wa saba huko ni baridi tupu. Ukungu hushuka asubuhi ukakaa hadi saa nane, na majani ya chai hubaki na maji kutwa nzima. Mama alinipikia njahi, yale maharagwe meusi wanayopikiwa waliojifungua, akaniogeshea mtoto, akanikataza kushika hata ufagio. Ilipita wiki moja, ikapita ya pili.

Wiki ya tatu, siku ya kuchuma chai, mama alitoka mapema. Alisema akimaliza kuchuma atapeleka majani kwenye kituo, na huko foleni huwa ndefu, kwa hivyo nisimtarajie kabla ya saa tisa. Nilibaki peke yangu na mtoto. Nilikuwa nimeketi sebuleni, mlango nimeuacha wazi ili mwanga uingie, mtoto amelala kwenye kochi kando yangu. Niliinua macho nikaona mwanamke anakuja.

Hakuja kwa njia. Alikuja kwa katikati ya michai, akipenya ule ukungu polepole, kama mtu anayelijua shamba hilo kwa miguu. Nilidhani ni mmoja wa wachumaji. Alipofika kwenye ngazi alisimama, hakubisha, hakusalimu, akangoja. Nikamwambia, "Karibu, ingia." Ndipo akaingia.

Alikuwa msichana tu. Nikikadiria, miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu. Alivaa gauni la vifungo mbele, la kitambaa cha zamani ambacho mimi kama fundi sijakiona dukani tangu nianze kazi, na sweta nyembamba. Hakuwa na viatu. Alinisalimu kwa Kiembu, lakini kwa sauti ya watu wa kule chini, watu wa Tharaka. Nikafurahi, kwa sababu lugha yao inakaribiana na Kimeru chetu, na nilikuwa nimechoka kusikiliza maneno kwa makini. Tukaanza kuongea kikwetu.

"Nimekuja kumwona wajina wangu," akasema.

Mambo hayo ni ya kawaida. Mtu akisikia mtoto wa ukoo amepewa jina lake, huja kumwona. Wanja ni jina la wengi. Nikajua huyu ni Wanja mwingine, binti wa binamu fulani. Nikamwonyesha mtoto. Akapiga magoti kando ya kochi, akamtazama kwa muda mrefu bila kumgusa.

Hapo ndipo niliona kifua chake. Gauni lilikuwa limelowa sehemu mbili, mbele, kama inavyotulowa sisi tunaonyonyesha tukichelewa kumpa mtoto. Nikamwonea huruma, mwanamke mwenzangu. Nikamuuliza, "Umeacha mtoto mdogo nyumbani?"

"Ninaye mmoja, wa kiume," akasema.

"Ana miezi mingapi?"

Akaniangalia kana kwamba nimeuliza jambo la ajabu. "Ameshaoa," akasema.

Nilicheka. Unafikiri ungefanya nini? Nilidhani ni mzaha wa watu wa Tharaka ambao sijauzoea. Yeye hakucheka. Nikainuka, nikamwambia namletea chai, nikaenda jikoni. Jiko la mama liko nje, hatua kumi hivi kutoka mlangoni. Nilimimina chai kikombe kimoja, nikarudi. Sikukaa huko dakika mbili.

Nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, amefungua vifungo, anamnyonyesha mtoto wangu.

Niamini, nilikiweka kikombe chini hapo mlangoni. Nilitaka kupiga kelele lakini nikaogopa atamwangusha. Mtoto alikuwa ananyonya kwa bidii, macho ameyafumba, mkono wake umeshika sweta ya yule mwanamke. Kwangu hakuwahi kunyonya namna hiyo.

"Nipe mtoto," nikasema.

"Alikuwa na njaa."

"Nipe mtoto wangu."

Hakubishana. Alimtoa kifuani taratibu, akafunga vifungo, akauliza, "Mnamwita nani?"

"Si umesema ni wajina wako? Anaitwa Wanja."

Sijawahi kuona uso ukibadilika hivyo. Hakukasirika. Ilikuwa kama mtu aliyengoja habari kwa miaka, halafu akaambiwa aende nyumbani, ofisi imefungwa. Akamtazama mtoto, akanitazama mimi. "Huyo si mimi," akasema. Akaniwekea mtoto mikononi. "Basi mwiteni hivyo, tuone kama ataitika."

Akatoka, akashuka ngazi, akaingia kwenye michai. Nilitazama hadi ukungu ukamficha. Nikamfuta mtoto mdomo kwa kidole. Yale maziwa yaliyobaki kwenye mdomo wake yalikuwa baridi, baridi kama maji ya tanki asubuhi.

Mama aliporudi nilimweleza kila kitu, ila ile habari ya maziwa kuwa baridi niliiacha, nikiogopa ataniona mpumbavu. Alikuwa bado amesimama na kikapu mgongoni. Hakuuliza mwanamke huyo anafananaje. Hakuuliza anatoka wapi. Aliuliza, "Aliingia ndani?"

"Aliingia."

"Nani alimruhusu?"

"Mimi. Nilimwambia karibu."

Akatua kikapu, akaketi kwenye ngazi akiwa bado na gambuti zake za matope miguuni. Akasema kuna mwendawazimu fulani huzurura sokoni Runyenjes, huenda ni yeye, na nisimsumbue Ireri na mambo hayo. Usiku huo alifunga mlango kwa komeo, kisha akausukumia meza.

Asubuhi nilimwosha mtoto na kumbadilisha nguo. Maji yalikuwa ya baridi kidogo, na kama watoto wote akakunja uso ili alie. Mdomo ukafunguka. Machozi yakatoka. Uso ukawa mwekundu. Sauti haikutoka.

Nikasubiri. Nikamtikisa kidogo. Alikuwa analia kwa nguvu zake zote, mwili mzima unatetemeka, na chumba kilikuwa kimya kabisa. Umewahi kuona mtoto akilia bila sauti? Mimi niliona kwa wiki sita. Nilirudi naye Dallas siku hiyo hiyo. Tulimpeleka hospitali moja, tukampeleka nyingine. Walimwangalia koo, wakamwangalia masikio, wakampiga picha. Walisema kila kitu kiko mahali pake. Daktari mmoja kijana alituambia kwa upole kwamba watoto wengine huchelewa. Kuchelewa kufanya nini? Alikuwa amelia wiki tatu nzima, majirani wa wodi walijua sauti yake.

Tukimwita Wanja, hakugeuka. Ungeweza kupiga makofi karibu na kichwa chake akashtuka, kwa hivyo alikuwa anasikia. Lakini jina lile lilimpita kama upepo. Usiku nililala nimemwekea mkono kifuani, kwa sababu akiamka na njaa sitasikia. Nilishindwa kulala. Nilishindwa kushona pia. Nilikata suruali ya mteja mguu mmoja mfupi, jambo ambalo sijawahi kufanya.

Ireri ana shangazi, dada ya baba yake, tunayemwita Tata Muthoni. Alikuwa mwalimu, sasa amestaafu, anakaa Runyenjes karibu na soko. Nilimwendea si kwa sababu nilimshuku kujua lolote. Nilimwendea kwa sababu amelea watoto wengi. Nilimweka mtoto mapajani pake nikamweleza kwamba hana sauti, na maneno yakanitoka yote, hadi yule mwanamke, hadi gauni lililolowa kifuani.

Tata Muthoni alishusha kikombe mezani. "Alisema ana watoto wangapi?"

"Mmoja. Wa kiume. Alisema ameoa."

Akatazama dirishani. Nje watu walikuwa wakishusha magunia ya avokado kutoka kwenye bodaboda, wakibishana kuhusu nani ashike wapi. Mpaka leo nikisikia watu wakibishana namna hiyo namkumbuka akitazama dirishani.

"Kagendo," akasema mwishoni.

Na mtoto akageuza kichwa.

Siongezi chumvi. Aligeuza kichwa kwa Tata Muthoni, akamtazama mdomo, kama anayemngoja aseme tena. Yule mama mzee aliona. Akanirudishia mtoto upesi.

Alinieleza kwa ufupi, kama mtu anayetema kitu kichungu. Kagendo ndiye mke wa kwanza wa kaka yake, baba yake Ireri. Kagendo ndiye aliyemzaa Ireri. Wanja aliolewa kabla ya hapo kidogo na mwanamume mwingine, akarudishwa kwao kwa kukosa mtoto, kisha baba yake Ireri akamchukua awe mke wa pili. Kagendo alikuwa wa Tharaka. Mama yake alikuwa mgonjwa huko, kwa hivyo alikuwa anaenda mara kwa mara kumwona. Jina hilo unalijua maana yake. Ni jina la safari, huitwa mtoto aliyezaliwa watu wakiwa njiani. Basi mumewe akaanza kumkejeli. Akasema anaishi kama jina lake, hatulii. Akasema safari hizo ni za wanaume. Siku moja akamwambia, "Jina lako ni safari, basi safiri," akamtoa nje. Akamnyima mtoto. Mtoto alikuwa na miezi minne.

"Alikufa wiki hiyo," Tata Muthoni akasema. "Kaka yangu alituambia jina hilo lisitajwe tena. Hakuna msichana wa ukoo wetu aliyeitwa Kagendo tangu siku hiyo. Na Ireri alikua akijua Wanja ndiye mama yake. Mimi nilimfundisha darasani miaka miwili, nikamtazama machoni kila siku. Sikusema."

Niliuliza alikufaje. Akasema, "Hilo muulize aliyekuwepo."

Sasa fikiria uko mahali pangu. Una mume anayempigia mama yake simu kila jioni. Utamwambia? Nilikaa na maneno hayo siku mbili. Siku ya tatu mtoto alikabwa na maziwa nikiwa nimempa mgongo, nilipogeuka nikamkuta ameshakuwa wa buluu, hakuna mlio hata mdogo ulioniita. Nikampigapiga mgongo mpaka akapumua. Ireri alipoingia jioni nilimwambia yote kabla hajavua viatu.

Tulipanda kwa mama kesho yake, yeye, mimi, mtoto na Tata Muthoni. Tulimkuta nje anachambua njahi kwenye ungo. Ireri hakumsalimu.

"Mama, Kagendo ni nani?"

Vidole vikasimama kwenye ungo. Nilidhani atakana. Nilitamani akane, Mungu anisamehe, turudi nyumbani tukiwa watu wale wale.

"Ni mama yako," akasema.

"Alikufaje?"

Mama aliuweka ungo chini. Alisimulia akitazama mikono yake, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Baba yako alimfukuza. Siku ya tatu akarudi, mvua inanyesha. Baba yako hakuwepo. Nilikuwepo mimi, nawe umelia tangu asubuhi. Akasema nje ya mlango, 'Wanja, sirudi kukaa. Nataka tu nimnyonyeshe, maziwa yananiuma.' Nikashika komeo."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hapa hakuna mtoto wake."

Mama akaendelea, kana kwamba akinyamaza hataweza tena. "Hakubisha. Aliketi kwenye ngazi. Nilimsikia akikuimbia mpaka giza likaingia. Ulikuwa unamsikia, ukazidi kulia, mimi nikakuziba masikio. Asubuhi hakuwepo, nikamshukuru Mungu. Kesho yake wachumaji wakamkuta kule chini karibu na kijito. Baridi ndiyo ilimuua. Nilikuwa sijazaa, Ireri. Nilijua akikushika mara moja tu, hutanitaka."

"Mlimzika wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye michai, upande ule ule alikotokea yule msichana.

Hakuna kaburi pale. Ni mistari ya chai tu, walipanda juu yake. Tata Muthoni ndiye aliyesema aliyelichukua jina ndiye alirudishe. Si kwamba kuna kitabu kinachosema hivyo. Ilionekana tu kuwa ndiyo haki. Nilimpa mama mtoto wangu. Mikono yangu haikutaka kumwachia, lakini nilimpa. Ilikuwa saa tisa, mvua nyepesi inaanza. Mama alisimama katikati ya michai na maji yanamtiririka usoni, akasema kwa Kiembu, "Kagendo, mimi si nyanya yake. Ni wewe. Huyu ni wewe."

Mtoto alilia. Ilitoka sauti ambayo sikuijua, nzito, iliyopasuka, na haikukoma. Alilia kutoka shambani mpaka nyumbani, akalia tukishuka Runyenjes, akalia hadi usiku, kama aliyekuwa ameweka kilio cha wiki sita mahali fulani. Mimi nililia naye. Ireri hakulia. Njia nzima alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kichwa cha mtoto na hakukitoa.

Ungedhani hapo mambo yaliisha. Binti yetu sasa ana miaka mitano. Tulibadilisha cheti cha kuzaliwa. Anaitwa Purity Kagendo, na hakuna mtu shuleni kwao anayeona ajabu, akina Kagendo ni wengi. Ana afya. Lakini mtu akikosea akamwita jina lile la kwanza, sauti humpotea mpaka kesho yake. Imetokea mara tatu. Na kila jioni Ireri akiingia, kabla ya salamu, kabla ya kuuliza amemletea nini, binti yetu humshika baba yake mkono na kumuuliza, "Umeshiba?" Hatukumfundisha. Alianza siku alizoanza kuongea. Ireri humjibu, "Nimeshiba, mama," kisha hutoka nje, akasimama kidogo barabarani, akarudi.

Ireri aling'oa chai pale shambani kwa mikono yake, akaweka msalaba wenye jina. Huenda mara moja kwa mwezi kupalilia. Hapitii nyumbani kwa mama. Tangu siku ile hajamwita Wanja mama, hajamwita chochote. Anayempelekea unga na dawa za presha ni mimi. Amekonda. Huniambia kwamba mchana, ukungu ukishuka, kuna mtu huja kuketi pale kwenye ngazi akimpa mgongo. Haombi kitu. Haongei. Mama huacha mlango wazi, naye haingii. "Ningependa aingie," aliniambia mara ya mwisho. "Ningependa tu amalize." Nilimwoshea vyombo nikaondoka kabla ukungu haujashuka.

Kuna jambo lingine aliniomba. Hana mjukuu wa jina lake, na sasa anajua hatampata. Aliniuliza kama siku moja, hata mtoto wa tatu, hata wa nne, ninaweza kumwita Wanja. Aliuliza akiwa amenipa mgongo. Mpaka leo sijamjibu. Wewe ungemjibu nini? Yeye ndiye aliyemlea mume wangu. Yeye pia ndiye aliyeshika komeo. Nikiwaza upande mmoja, ule mwingine unaamka.

Kwa hivyo nakuomba wewe unayenisikiliza, hasa kama unatarajia mtoto. Usichukue jina kwa sababu watu wote wametulia wakilitaja. Uliza. Uliza linatoka kwa nani, uliza ni nani aliyekuwa hapo kabla, na kama kuna jina linalorukwa kwenye ukoo wenu, uliza kwa nini linarukwa. Utaonekana huna adabu. Afadhali hivyo.

Mimi nina mimba tena, ya miezi saba. Picha imeonyesha ni msichana. Huyu wa pili ni wa kwetu, ni wa jina la mama yangu. Mwezi uliopita nilimpigia mama simu Muthara, nikamuuliza moja kwa moja kama ndiye aliyenizaa. Alikata simu. Kwa siku nane hakupokea simu yangu. Siku ya tisa akapiga mwenyewe, akasema, kwa sauti ya mtu aliyeumizwa, kwamba alinizaa yeye, nyumbani, mbele ya mama yake, na kwamba hajawahi kudhani mtoto wake atamuuliza hivyo.

Nilimwomba msamaha. Nilimwamini. Kisha nikamwomba anitajie wanawake waliokuwepo siku hiyo.